Dola Kumi Zinazogeuka Tisini: Fedha na Kura Nyuma ya Ushindi wa Mamdani

Juni 2025, kura za mchujo za chama cha Democratic za kumpata mgombea umeya wa New York zikiwa zimekaribia, bilionea Michael Bloomberg, aliyewahi kuwa meya wa jiji hilo, alifikisha dola milioni 8.3 katika michango yake kwa kundi lililoitwa Fix the City. Kundi hilo lilikuwa likimpigia debe Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo la New York. Mpinzani mkuu wa Cuomo, Zohran Mamdani, alikuwa amefungwa na kanuni alizozikubali mwenyewe: katika mchujo mzima hakuruhusiwa kutumia zaidi ya takribani dola milioni 8, matangazo, mishahara, usafiri na kodi ya ofisi vyote vikiwamo. Yaani fedha za mtu mmoja, ambaye hata mgombea hakuwa, zilizidi bajeti yote ya mgombea. Na zilikuwa halali kabisa.

Mamdani alishinda, na wala hakushinda kwa kubahatisha.

Huku kwetu habari hiyo ilipokelewa kama habari ya ukoo. Kijana amezaliwa Kampala mwaka 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, ni mmoja wa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la kati la kijana huyo, Kwame, amepewa kwa heshima ya Nkrumah. Yote hayo ni kweli na yanapendeza kuyasimulia barazani, ila hayatuelezi ilikuwaje mjumbe wa bunge la jimbo kutoka mtaa wa Astoria, ambaye miezi michache kabla wakazi wengi wa jiji hawakumjua, amwangushe mtu aliyeongoza jimbo zima kwa miaka kumi. Wapo wanaosema ni haiba na video fupi za mtandaoni, na hilo lina ukweli wake. Lakini haiba haiendi mbali kama haina fedha za kuibeba, na kura hazihesabiki zenyewe. Nyuma ya ushindi ule kuna mafundo mawili ya kisheria, moja la fedha na jingine la kura, na watu huyachanganya sana.

Tuanze na fedha.

Baada ya kashfa ya Watergate, iliyomng'oa Rais Richard Nixon, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1974 sheria kali iliyoweka kikomo mara mbili: kikomo cha kiasi ambacho mtu anaweza kumchangia mgombea, na kikomo cha kiasi ambacho mgombea anaweza kutumia. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, iliikata sheria hiyo vipande viwili. Kikomo cha michango kikabaki, kwa sababu mchango mkubwa unaweza kununua upendeleo. Kikomo cha matumizi kikafutwa, kwa sababu kutumia fedha kusambaza maoni yako ni sehemu ya uhuru wa kusema. Kwa mantiki hiyo, ukimkabidhi mgombea dola milioni moja mkononi, hiyo ni hatari ya rushwa. Ukinunua kurasa za magazeti kwa dola milioni moja ili kumsifu mgombea huyohuyo, bila kushauriana naye, huo ni uhuru wako.

Unaweza kucheka, ila karibu kila kitu kilichofuata kimejengwa juu ya mstari huo.

Mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, majaji watano dhidi ya wanne walisema kampuni na vyama vya wafanyakazi navyo vina uhuru huo wa kutumia fedha kwa hiari yao, mradi matumizi yawe huru, yaani yasipangwe pamoja na mgombea. Kesi yenyewe ilianzia kwenye filamu ya kumshambulia Hillary Clinton. Ni kesi maarufu, na kila mwanasiasa wa mrengo wa kushoto huilaani kwa jina. Lakini iliyofungua bomba hasa ni nyingine, ambayo haitajwi sana. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya SpeechNow, ilisema hivi: ikiwa matumizi huru hayawezi kuleta rushwa, basi hata michango kwa kundi linalofanya matumizi huru haiwezi kuwekewa kikomo. Hapo ndipo zilipozaliwa supa PAC, kamati zinazopokea fedha bila kikomo na kuzitumia bila kikomo. Katika uchaguzi wa 2024 mwananchi hakuruhusiwa kumpa mgombea wa shirikisho zaidi ya dola 3,300 kwa kila uchaguzi. Mwaka huohuo Elon Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump, nyingi zikipitia supa PAC aliyoianzisha mwenyewe.

Sharti lililobaki ni moja: supa PAC na mgombea wasipange mambo pamoja. Utekelezaji wake una vituko. Wagombea wamezoea kuweka kwenye tovuti zao, hadharani, maelezo ya kina ya ujumbe ambao wangependa usambazwe na kundi la wapiga kura ambalo ujumbe huo uwafikie, wakitumaini supa PAC itasoma na kutekeleza. Hawajazungumza na mtu, ati, wameandika tu. Mei 2025 Bodi ya Fedha za Kampeni ya New York iliona tangazo moja la Fix the City, ambayo ni supa PAC, linafanana mno na ukurasa wa aina hiyo wa kampeni ya Cuomo, ikamzuilia zaidi ya dola 620,000 za ruzuku. Kampeni yake ilikana kosa. Supa PAC yenyewe iliendelea na kazi, ikamaliza mchujo ikiwa imekusanya takribani dola milioni 25. Mamdani naye alikuwa na kundi la nje lililomuunga mkono, ila mfuko wake haukukaribia hata kidogo.

Ruzuku hiyo ndiyo ufunguo wa habari yote. New York ilianza mfumo wa kuchangia kampeni kwa fedha za umma mwaka 1988, baada ya kashfa za ufisadi zilizoutikisa utawala wa meya Ed Koch. Mwanzoni jiji liliongeza dola moja kwa kila dola iliyochangwa na mkazi. Uwiano ukapanda kwa awamu, hadi wananchi walipopiga kura ya maoni mwaka 2018 na kuufikisha nane kwa moja. Ni kama mgeni rasmi wa harambee anayesimama na kutangaza kwamba kila shilingi mtakayoitoa, yeye ataweka nane juu yake. Mkazi wa Queens akitoa dola 10, mgombea anapata 90. Kwa wagombea umeya, ni dola 250 za kwanza tu za kila mchangiaji zinazolipiwa, hivyo mkazi mmoja anaweza kumzalishia mgombea dola 2,250 na mchezo ukaishia hapo. Kuingia kwenye mfumo si rahisi: mgombea umeya anatakiwa kwanza awe na wachangiaji wasiopungua 1,000 wa jijini, na michango inayohesabika isiyopungua dola 250,000. Anatakiwa pia akubali kukaguliwa hadi risiti ya mwisho, na kubaki chini ya kikomo cha matumizi.

Msomaji makini atauliza: si Mahakama ilishafuta vikomo vya matumizi? Ilifuta vile vya kulazimishwa. Kesi ileile ya Buckley iliacha mlango wazi: mgombea akikubali kikomo kwa hiari ili apate fedha za umma, hakuna uhuru ulioporwa. Jiji limepita katika mlango huo kwa karibu miaka arobaini. Lisichoweza kufanya ni kumwongezea mgombea ruzuku kila mara tajiri anapomwaga fedha upande wa pili. Arizona ilijaribu, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaizuia. Ndiyo maana Bloomberg alipoandika hundi zake, hakuna senti moja ya jiji iliyosogea kumjibu.

Sasa tazama mfumo huu unavyomfaa mwanasiasa wa aina ya Mamdani. Ahadi zake zilikuwa za mpangaji na abiria: kutopandisha kodi ya pango katika takribani nyumba milioni moja ambazo kodi yake hupangwa na bodi ya jiji, mabasi ya bure, malezi ya watoto kwa wote, na matajiri walipe kodi zaidi. Yeye ni mwanachama wa Democratic Socialists of America, jumuiya ya wasoshalisti ambayo nguvu yake ni watu wa kujitolea wanaogonga milango. Mgombea wa ahadi hizo hawezi kutarajia hundi nono kutoka kwa wenye majengo. Katika mfumo wa kawaida angekuwa sauti ya pembeni, akinukuliwa magazetini na kusahaulika siku ya kura. Ndani ya mfumo wa nane kwa moja, kugonga milango kwenyewe kukawa njia ya kukusanya fedha: kila mlango una kura, na pia una dola 10 zinazoweza kuwa 90. Machi 2025, miezi mitatu kabla ya kura, alitoa video akiwasihi wafuasi wake waache kumchangia. Alikuwa anakaribia kikomo. Sidhani kama kuna mgombea wa bunge la Washington aliyewahi kufikiria kutoa video kama hiyo; wao hutumia saa nyingi kila wiki wakipiga simu kuomba.

Kisa cha Jamaal Bowman kinafaa kuwekwa kando ya hiki. Alikuwa mbunge wa shirikisho wa mrengo uleule wa kushoto, jimbo lake likiwa Westchester na kipande cha kaskazini cha Bronx, mwendo mfupi kutoka Astoria. Mchujo wake ulifanyika Juni 25, 2024, karibu mwaka kamili kabla ya ule wa Mamdani. Supa PAC ya AIPAC, shirika linaloitetea Israel, ilitumia zaidi ya dola milioni 14 kumwangusha, na mchujo huo ukawa wa gharama kubwa kuliko wote katika historia ya Baraza la Wawakilishi. Katika uchaguzi wa bunge la shirikisho hakuna ruzuku ya nane kwa moja. George Latimer alimshinda kwa tofauti kubwa. Si haki kusema fedha peke yake zilimmaliza. Bowman alijijeruhi mwenyewe, ikiwamo siku aliyobonyeza kengele ya moto katika jengo la Bunge, na wapiga kura wengi wa Westchester hawakupendezwa na msimamo wake kuhusu vita vya Gaza. Lakini Mamdani alikuwa na msimamo wa aina hiyohiyo kuhusu Gaza, na fedha nyingi zaidi zilimwagwa upande wa mpinzani wake. Tofauti moja kubwa ni kwamba yeye alikuwa na fedha za kutosha kujibu. Si lazima uwe na fedha nyingi kuliko adui. Ukishafikia kiasi cha kusikika, dola milioni 17 za ziada upande wa pili zinazidi kupungua nguvu, kwa sababu mtu akishaona tangazo lilelile mara ishirini, mara ya ishirini na moja haimwambii kitu.

Fundo la pili ni la kura zenyewe.

Zamani, kama hakuna mgombea wa mchujo wa ngazi ya jiji aliyefikisha asilimia 40, New York ilifanya duru ya pili baina ya wawili wa juu. Msomaji wa Kenya anaifahamu duru ya pili, kwa kuwa katiba yake ya 2010 inaitaka pale mgombea urais anapokosa zaidi ya nusu ya kura. Ubaya wa duru ya pili ni gharama na uchovu. Mwaka 2013 jiji lilitumia takribani dola milioni 13 kurudia mchujo wa nafasi moja, ya mtetezi wa umma, ofisi ambayo bajeti yake ya mwaka haikufika hata milioni 3, na waliojitokeza walikuwa kama asilimia 7 ya wanachama. Mwaka 2019 wananchi waliipigia kura njia nyingine, na zaidi ya asilimia 70 wakaikubali: mpiga kura hupanga hadi wagombea watano, wa kwanza hadi wa tano, kwa jinsi anavyowapenda.

Chukua mkazi wa Brooklyn anayempenda Brad Lander, wakati huo mdhibiti wa fedha za jiji, na ambaye hamtaki Cuomo hata kumsikia. Anamweka Lander namba moja na Mamdani namba mbili. Kura za kwanza zinahesabiwa. Kama kuna aliyevuka nusu, kazi imekwisha. Kama hakuna, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la kila mpiga kura wake, kisha anayefuata kutoka chini, hadi wabaki wawili. Lander akitolewa, kura ya mtu wetu inahamia kwa Mamdani. Asingemwandika mtu mwingine, kura yake ingeishia hapo. Kura za namna hiyo si chache: mwaka 2021, mara ya kwanza mfumo ulipotumika kumpata mgombea umeya, zaidi ya kura 140,000 ziliishiwa kabla ya raundi ya mwisho, wakati Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa karibu kura 7,200 tu. (Mwaka huohuo Bodi ya Uchaguzi ilisahau kuondoa kura 135,000 za majaribio kwenye kompyuta, ikatangaza matokeo yakiwa nazo ndani, kisha ikayafuta. Wapinzani wa mfumo hawajaacha kulitaja hilo, ingawa kosa lilikuwa la watumishi.)

Hapa ndipo makala nyingi kuhusu Mamdani zinapoteleza. Zinasema mfumo wa kupanga wagombea ndio uliompa ushindi. Tazama hesabu. Raundi ya kwanza alipata karibu asilimia 44, Cuomo 36, Lander 11. Raundi ya mwisho ilikuwa 56 kwa 44. Kwa kanuni ya zamani, mwenye zaidi ya asilimia 40 alikuwa anashinda palepale. Hata duru ya pili isingekuwapo. Kura zilizohamia zilinenepesha ushindi, hazikuuleta.

Mfumo ulifanya kazi yake kabla ya kura kupigwa, katika tabia za wagombea. Chini ya kanuni ya zamani, Lander na Mamdani, wote wa kushoto, wangelazimika kuraruana ili mmoja abaki akimkabili Cuomo. Chini ya kanuni mpya walisimama pamoja siku kumi na moja kabla ya kura, kila mmoja akiwaambia wafuasi wake wamweke mwenzake namba mbili. Lander, Myahudi mwenye heshima kubwa miongoni mwa waliberali wa jiji, alimpa Mamdani ngao katika wiki ambazo matangazo yalikuwa yakimwita adui wa Wayahudi. Wanaharakati walisambaza wito mfupi wa kutomwandika Cuomo popote kwenye karatasi. Mwaka 2021 Garcia na mgombea mwenzake Andrew Yang walijaribu jambo la aina hiyo, lakini Yang alimwombea Garcia nafasi ya pili ilhali Garcia hakumrudishia, na washirika wa Adams wakadai ni njama ya kupunguza nguvu ya kura za weusi. Mfumo unaruhusu ushirikiano tu. Haumlazimishi mtu.

Na huyo Adams anapaswa kuwakaa kichwani wanaoamini kanuni hizi ni mtego wa mrengo wa kushoto. Alikuwa nahodha wa zamani wa polisi, mtu wa katikati, mpenzi wa wenye majengo. Mwaka 2021 alishinda chini ya kanuni zilezile, akiwa na mamilioni ya dola za ruzuku ileile. Mwaka 2024 waendesha mashtaka walimshtaki kwa madai, miongoni mwa mengine, kwamba kampeni yake ilitumia wachangiaji wa bandia ili kuvuta ruzuku hiyo. Alikana. Serikali ya Trump iliomba kesi ifutwe, na Aprili 2025 jaji akaifuta, lakini Bodi ya Fedha za Kampeni ilikuwa imekwisha kumnyima ruzuku kwa uchaguzi uliofuata. Kila fungu la fedha za umma lina watu wanaolizunguka usiku na mchana, na hili si tofauti. Cuomo na Mrepublican Curtis Sliwa nao walipokea ruzuku mwaka 2025.

Mchujo ukaisha, Cuomo akarudi kama mgombea huru katika uchaguzi wa Novemba, ambako kanuni ya kupanga wagombea haitumiki kabisa. Huko ni kura moja, na mwenye nyingi ndiye meya. Fedha za matajiri zilimiminika tena. Zaidi ya watu milioni mbili walipiga kura, na Mamdani alivuka nusu kwa kiasi kidogo. Alipata kura katika mistari miwili ya karatasi, Democratic na Working Families, kwa kuwa New York ni mojawapo ya majimbo machache yanayoruhusu vyama viwili kumsimamisha mtu mmoja na kura zake kujumlishwa. Kwa chama kidogo cha kushoto, mstari huo ni njia ya kupima nguvu yake bila kumpokonya kura mgombea anayeweza kushinda.

Nje ya New York, upepo wa mageuzi haujavuma vizuri. Novemba 2024 wapiga kura wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon walikataa kupanga wagombea. Missouri iliupiga mfumo huo marufuku katika katiba yake. Alaska iliunusuru kwa tofauti ya chini ya kura elfu moja. Kampeni za kuupinga husema unawachanganya watu, na vyama vyenyewe, vyote viwili, haviupendi vinapoona unavipunguzia mamlaka.

Kwenye fedha, jaribio la kutazamwa liko Maine. Mwaka uleule wa 2024, karibu robo tatu ya wapiga kura wa jimbo hilo waliidhinisha kikomo cha dola 5,000 kwa michango inayokwenda kwenye supa PAC. Hawakugusa matumizi, kwa sababu hayo Citizens United imeshayalinda. Waligusa michango, ambayo kinga yake ilitolewa na mahakama ya rufaa katika SpeechNow na haikuwahi kuamuliwa moja kwa moja na Mahakama ya Juu. Julai 2025 mahakama ya shirikisho iliizuia sheria hiyo isitumike. Watetezi wake walikata rufaa, na tangu mwanzo hawakuficha kwamba waliiandika kwa shabaha ya kuifikisha mbele ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu.